Gavana ni Mshika Usukani, Si Mwenye Chombo

Tangu magavana wa kaunti zetu 47 walipochaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, magazeti ya Kiingereza humu nchini hupenda kutumia kivumishi kimoja kisichozoeleka: "gubernatorial". Wasomaji wengi hulipita neno hilo wakidhani ni mbwembwe tu za kusema "-a gavana". Wanafunzi wangu huniuliza: ikiwa nomino ni "governor", hiyo "b" imetoka wapi?

Jibu limo katika safari za maneno yenyewe. Yote mawili chimbuko lake ni "gubernator" ya Kilatini, ambayo nayo asili yake ni Kigiriki. Nomino iliwafikia Waingereza katika Zama za Kati kwa kupitia Kifaransa, na njiani "b" ikageuka "v". Kivumishi kilikopwa na wasomi moja kwa moja kutoka Kilatini katika karne ya 18, kikastawi zaidi Marekani kuliko Uingereza.

Je, huyo "gubernator" alikuwa nani? Katika maana yake ya kwanza hakuwa mtawala wala tajiri, bali mshika usukani wa merikebu. Baadaye ndipo Warumi walipomfananisha kiongozi wa nchi na mtu huyo, kama nasi tusemavyo kwamba fulani ameshika usukani wa taifa. Linganisha na "nahodha", neno tulilolipata kutoka Kiajemi, ambalo kwa asili ni bwana wa chombo. Tofauti hiyo si ndogo.

Ni kweli kwamba asili ya neno haimfungi alitumiaye leo. Hata hivyo, yaweza kumkumbusha wajibu wake. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinatamka kuwa mamlaka kuu ni ya wananchi. Kifungu cha 180 kinamzuia gavana kupita vipindi viwili. Yaani, chombo ni cha abiria, na usukani hushikwa kwa zamu. Anayetumia fedha za kaunti kana kwamba ni za mfukoni mwake amejitawaza nahodha kwa maana ile ya kale.

Basi, ndugu msomaji, ukutanapo tena na kivumishi hicho, usikipite. Mtazame anayekuomba kura, umuulize: je, waijua njia ya bandarini, ama unakitamani chombo chetu?