Mteja wa feni muulize chumba kwanza, bei baadaye

Leo naongea na wenye maduka madogo ya vifaa vya umeme na vyombo vya nyumbani, hasa wa Dar, Tanga, Mtwara na miji mingine ya pwani. Joto la kuanzia Desemba mpaka Machi ndiyo msimu wetu wa feni. Nina neno moja, na najua kuna watakaobisha: wengi wetu feni tunauza, lakini tunauza vibaya.

Angalia tunavyofanya. Mteja anaingia, anauliza, "Feni bei gani?" Na sisi haraka haraka tunataja bei. Tunamwonyesha ile kubwa yenye mapanga ya chuma, tunaiweka namba tatu, karatasi za kaunta zinapaa, mteja anacheka, analipa, anabeba. Sisi tunahesabu hela, tunaona biashara imeisha. Kumbe yeye anaipeleka kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, kabati, ndoo za maji na jiko la gesi. Usiku haongei na mkewe kwa kelele, mtoto anakohoa vumbi, na mwisho wa mwezi LUKU inamshangaza.

Msimamo wangu ni huu: feni haiuzwi kwa ukubwa, inauzwa kwa chumba. Muuzaji asiyeuliza chumba cha mteja kikoje anabahatisha, na anabahatisha kwa hela ya mtu mwingine.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wengi hatulisemi. Feni haipoozi hewa. Inaisukuma tu hewa iliyopo, inapita kwenye ngozi, jasho linakauka haraka, na wewe mwenye mwili ndiye unayepoa. Ndiyo maana ukiacha feni inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu, unachoma umeme bure. Tena mota yenyewe inatoa joto kidogo. Mteja akilijua hili, anaelewa kwa nini feni ndogo inayompiga vizuri kitandani inaweza kumfaa kuliko feni kubwa inayopiga kabati.

Sasa twende kwenye maswali. Mimi nauliza manne, na hayamalizi hata dakika tatu.

La kwanza: chumba kina ukubwa gani, na juu kuna nini?

Chumba kimoja cha kupanga mara nyingi hakina nafasi ya chini. Ukimuuzia huyu feni ya kusimama yenye miguu mipana, anapoteza nafasi, na mtoto anaikwaa. Kwa chumba kama hicho napendekeza feni ya ukutani ya inchi 16. Haichukui nafasi chini, mikono ya watoto haiifikii, ina kamba ya kuvuta kubadilisha spidi, na inageuka huku na huku juu ya kitanda. Inashangaza kwamba hiyo ndiyo tunaiweka nyuma kabisa dukani, imejaa vumbi. Mwambie mteja aombe ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta, na umuuzie palepale skrubu na zile plastiki zake za kuingia ukutani. Hiyo nayo ni mauzo.

Pangaboi ni nzuri sana, lakini siyo kwa kila chumba. Mapanga yake yanatakiwa yawe juu ya sakafu angalau futi saba, ili mtu akinyoosha mkono asiguswe. Kama chumba kina kitanda cha ghorofa cha watoto, usimuuzie kabisa. Kama dari ni jipsamu, pangaboi haining'inizwi kwenye jipsamu. Inafungwa kwenye mbao ya juu au kwenye ndoano iliyoshikwa na zege, na kazi hiyo afanye fundi. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, ya inchi 48 inatosha, hana haja ya inchi 56.

Na kama juu ni bati tupu bila dari? Hapo kuwa mkweli. Bati la jua la mchana linashusha joto, na pangaboi iliyo karibu na bati inamshushia mtu hewa hiyo hiyo ya moto. Bora feni ya ukutani au ya mezani iliyo karibu na dirisha.

La pili: dirisha liko wapi?

Hapa ndipo unapompa mteja kitu ambacho hatakisahau. Usiku nje kunapoa kuliko ndani. Feni ikiwekwa karibu na dirisha ikipiga ndani, inavuta ile hewa ya nje. Kama chumba kina dirisha na mlango unaotazamana, feni inaweza kuelekezwa nje jioni kwa muda ili itoe joto lililojaa ndani, hewa nyingine iingie upande wa pili, halafu wakati wa kulala anaigeuza impige yeye. Chumba kilichofungwa kila mahali, feni inazungusha joto lilelile tu.

Usisahau chandarua. Chandarua kinakata upepo sana. Mtu anayelala ndani ya chandarua anahitaji feni iliyo karibu na usawa wa kitanda, siyo ile ya mbali upande wa pili wa chumba. Na asije akaacha chandarua eti kwa sababu ana feni. Upepo unawasumbua mbu, lakini haumkingi mtu na malaria.

La tatu: umeme wako ukoje?

Hapa ndipo pesa za mteja zinapookoka au zinapopotea. Hesabu ni rahisi, ifanye mbele yake. Angalia wati kwenye kibandiko cha feni, zidisha kwa saa anazotumia kwa siku, gawanya kwa 1,000, unapata yuniti za siku.

Feni ya wati 50, saa kumi kwa siku, ni nusu yuniti. Kwa mwezi ni yuniti 15. Pangaboi ya wati 75 kwa saa hizo hizo ni kama yuniti 22 na nusu. Pangaboi za kisasa zenye rimoti na mota ya DC nyingi zinakula wati 30 mpaka 35, kwa hiyo ni yuniti kama kumi tu kwa mwezi. Bei yake ya kununulia iko juu, lakini kwa mtu anayewasha kila usiku inajirudisha. Sasa lile feni kubwa la ukumbini la wati 200, saa kumi, ni yuniti mbili kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 60.

Fikiria mteja aliye kwenye ile tarifa ya matumizi madogo ya majumbani, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Feni moja imemla yuniti 60! Zimebaki 15 za taa, televisheni na simu. Akizidisha, yuniti za juu zinauzwa ghali zaidi. Na kama ni nyumba ya wapangaji wanaochangia LUKU moja, umempelekea ugomvi na majirani. Wewe umepata faida ya siku moja, yeye kila mwezi analaumu lile feni, na pamoja na feni analaumu duka lako.

Kama kwao umeme unakatika mara kwa mara, mwonyeshe feni ya kuchaji, lakini mweleze kwamba betri ikiwa ndogo, spidi ya juu haifiki asubuhi. Awashe spidi ndogo.

La nne: nani analala humo?

Kama kuna mtoto mdogo, angalia nafasi za wavu. Chukua kidole chako kidogo, jaribu kukipitisha. Kikipita chako, cha mtoto kinapita kwa raha. Kama kuna mgonjwa au mzee, kelele ni muhimu kuliko nguvu ya upepo. Washa feni spidi ya kwanza, kaa kimya, msikilizishe. Kuna feni ambazo namba moja yake ni kama namba tatu ya nyingine, na mtu hawezi kulala nayo.

Sasa niseme kuhusu feni za maji, zile watu wanaziita ea kula. Najua faida yake ni nzuri, ndiyo maana zinasukumwa sana. Lakini feni hii inafanya kazi kwa kukausha maji, na maji yanakauka vizuri pale hewa inapokuwa kavu. Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, sawa, mteja atakushukuru. Dar hewa imejaa unyevu tayari. Ukiongeza unyevu mwingine kwenye chumba kidogo kilichofungwa, mtu anaamka mwili unanata na nguo za kabatini zinanuka uvundo. Ukimwambia mteja wa pwani kwamba hiyo ni "AC ya bei rahisi", unamdanganya. Mimi nasema wazi, tuache.

Kuna wenzetu watasema, "Bwana, mteja ni mfalme, akitaka kubwa mpe kubwa." Nakubali kwamba mwenye hela ndiye anayeamua. Lakini mteja anayeuliza bei hajaamua bado. Anauliza bei kwa sababu hajui kingine cha kuuliza. Ukimweleza halafu bado akataka kubwa, muuzie, lake jema. Wengine watasema, "Dukani kuna foleni, muda wa maswali sina." Ndugu yangu, feni inayorudishwa inakula muda zaidi: mabishano, kufungua boksi, kuifunga tena, na boksi lililochanika huliuzi bei ileile.

Na maswali haya yanatakiwa yabadilishe hata mzigo unaoleta. Kama wateja wako wengi wanaishi chumba kimoja au viwili, kwa nini stoo imejaa feni za ukumbini? Mtaji umelala pale. Punguza makubwa, ongeza za ukutani na za mezani. Nunua Oktoba au Novemba, kabla kila mtu hajakimbilia Kariakoo na bei ya jumla haijapanda.

Ukiwa kwa muuzaji wa jumla, kagua haya:

1. Kibandiko cha volti. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Feni za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100. Ukichomeka moja kwa moja, imekwenda.

2. Alama ya TBS na plagi. Plagi zetu ni za pini tatu bapa. Feni ya pini mbili itamlazimisha mteja kutumia adapta, na adapta dhaifu inapata moto.

3. Mota. Uliza kama waya ni shaba au ni alumini. Alumini ni rahisi, lakini nyingi zinachemka na kuungua mapema. Omba iwashwe spidi ya juu dakika ishirini, halafu ishike mgongo wa mota. Vuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza mkono au ikitoa harufu, iache.

4. Zungusha mapanga kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Yazunguke laini na kusimama polepole. Yakikwama au yakicheza, busheni au shafti ina tatizo.

5. Feni za kuchaji usizifungie stoo ukazisahau. Betri ikikaa miezi mingi bila chaji inakufa, hasa zile za asidi. Zichaji kila baada ya miezi miwili au mitatu, andika tarehe juu ya boksi.

Baada ya kuuza, mwambie mteja mambo mawili. Moja, asafishe mapanga na wavu kila wiki mbili tatu, akiwa ameichomoa kwenye umeme, maana vumbi linapunguza upepo. Mbili, feni ikianza kuunguruma bila kuzunguka, au ikizunguka baada ya kusukumwa na kidole, asiitupe. Mara nyingi ni kapasita imechoka, na kapasita ni bei ndogo. Weka kapasita dukani kwako na umjue fundi mmoja wa kuaminika. Mteja aliyenunua feni kwako akarudi kwa kapasita, kesho atanunua taa, keshokutwa pasi.

Biashara ndogo haina hela ya matangazo makubwa. Tangazo letu ni yule mama anayelala vizuri Februari, jirani anasikia chumba kimetulia, anamuuliza, "Feni hii umeitoa wapi?" Lakini jina la duka linasafiri vilevile kwa aliyeuziwa kelele na deni la umeme.

Kwa hiyo msimu huu, akiingia mtu akiuliza feni bei gani, jibu kwa adabu: "Zipo za bei tofauti, karibu. Ni ya chumba cha namna gani?" Halafu nyamaza umsikilize.

Wewe unayeuza feni, mteja wako wa mwisho ulimuuliza nini kabla hujapokea hela yake? Tuandikie hapo chini, na mtumie mwenzako ambaye stoo yake imejaa feni za ukumbini.