Meno Yanayochelewa

Shiki, katuni ya Kijapani ya mwaka 2010 kuhusu wafu wanyonya damu, iliyotokana na riwaya ya Fuyumi Ono, haina haraka ya kukuonyesha meno. Vipindi vya kwanza vinakupeleka Sotoba, kijiji cha milimani kinachochonga vibao vya makaburini na bado kinazika maiti, ilhali Wajapani karibu wote huzichoma. Ukishalijua hilo, nywele zinakusimama mapema. Wazee wanakutwa wamekufa, kisha binti Megumi anaugua na kukata roho, huku Dakta Ozaki akidhani ni upungufu wa damu tu. Daktari hajakosea sana! Mitindo ya nywele za wahusika, kusema kweli, ni vituko vitupu. Vumilia. Vipindi viko 22. Vya mwanzo usiviruke, hata vikikuchosha.