Bourbon ya Pipa Dogo
Sheria ya Marekani haina mzaha na wiski ya bourbon: mahindi yasipungue asilimia 51, na pipa liwe la mwaloni, jipya, lililochomwa ndani. Wale wa kiwanda cha pombe cha Tuthilltown, jimbo la New York, waliipika Hudson Baby Bourbon kwa mahindi matupu, wakaitia kwenye vipipa vidogo ili iguse ubao zaidi na kuiva upesi. Usiku wakayapigia mapipa muziki wa besi nzito (ndiyo, muziki!) ili mtikisiko wake uharakishe kuiva. Ukiinusa, ni vanila na mahindi ya kuchoma. Mdomoni hutangulia utamu wa sukari iliyoungua, kisha ladha ya ubao mbichi inakwaruza koo. Matone ya maji huituliza kidogo. Ingekuwa yangu, ningeiacha pipani miaka miwili zaidi.