MGONJWA MAHUTUTI AULIZWE

Mgonjwa wa saratani asiyeweza tena kuponywa hurudishwa kwa jamaa zake kwa neno moja: mchukueni nyumbani. Hapo kikao cha ukoo huitishwa. Wako watakao shamba liuzwe apelekwe Ocean Road, Dar es Salaam. Wako wasemao afie kwao. Mwenyewe, aliye chumba cha pili akisikia yote, haulizwi.

Hatuwalaumu wanaong'ang'ania hospitali. Mara nyingi wanachokikimbia si kifo bali mayowe ya usiku, ilhali mke au binti anayeuguza hana ila vidonge vya panadoli. Lakini maumivu hayo yana dawa, nayo ni mofini ya maji, inywewayo nyumbani kwa kipimo. Jirani zetu wa Uganda walilitambua hilo. Tangu 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wameruhusiwa kuiandika wenyewe.

Tunaitaka Wizara ya Afya iifikishe dawa hii vijijini. Pasipo mofini, kumwambia mtu achague baina ya nyumbani na hospitali ni kumdhihaki. Na kikao cha ukoo kifanyike mbele ya mgonjwa, aseme mwenyewe anakotaka kuuguzwa.