Tupake Chaki Kabla ya Kukosoa

Katika eneo zima la Ijara, kuanzia Masalani kando ya Mto Tana hadi Hulugho upande wa mpaka wa Somalia, hakuna uwanja wa gofu. Hata hivyo, nilipoalikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa huko, kitu cha kwanza nilichokitoa mkobani kilikuwa fimbo ya gofu. Wengi walicheka. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza kama nimekuja kuchunga mbuzi. Naomba leo niyaseme kwa kirefu yale niliyoyasema kwa kifupi siku ile, maana nashuku baadhi ya wasikilizaji wangu walikwenda zao wakiamini kwamba mhadhiri wa isimu amepungukiwa na mada.

Sina haja ya kuutetea mchezo wenyewe. Uliletwa na wakoloni, ukajengewa klabu zake Nairobi mwaka 1906 na Muthaiga mwaka 1913, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kama mchukuzi wa mikoba tu. Ninachokitaka ni jambo moja lililomo ndani yake, nalo lahusu mpira usiopigwa kwa kiini cha fimbo.

Mpira wa gofu ni mdogo, kipenyo chake ni takriban milimita 43, na uzito wake hauzidi gramu 46. Unapogongwa, hugusana na chuma kwa muda wa nusu hivi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uso wa fimbo una kiini chake. Mpira ukigusa hapo, mchezaji hasikii karibu chochote mikononi na mpira huenda mbali. Ukigusa kando, kichwa cha fimbo hujipinda, viganja huumwa kwa mtetemo, na mpira huenda mfupi, tena upande usiotakiwa.

Sasa yapo mambo mawili ambayo msomaji ni vema ayashike. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayetumia fimbo ya chuma, mpira uliogongwa kwa ncha ya fimbo huelekea kulia. Mpira uliogongwa kwa shingo, yaani pale kichwa kinapoungana na mpini, nao huchomoka kulia, tena kwa ukali zaidi. Anayetazama mpira ukiruka huona kosa moja, ilhali makosa ni mawili na dawa zake zapingana. Aliyegonga kwa ncha aghalabu amesimama mbali mno na mpira, au amekunja mikono na kuivuta mwilini wakati wa kupiga. Aliyegonga kwa shingo amesimama karibu mno, au mwili wake umeelemea mbele fimbo inaposhuka. Ukimwambia huyu wa pili asogee karibu, umemharibia kabisa.

Ndivyo nilivyoharibiwa mimi. Nilianza kujifunza gofu nikiwa nimekwisha kupita miaka arobaini, kwa kushawishiwa na mwenzangu wa kazini. Wiki tatu mfululizo mipira yangu ilikimbilia kulia, na kila aliyepita nyuma yangu alikuwa na neno lake. Lililopendwa zaidi lilikuwa, "Umeinua kichwa!" Nimekuja kugundua kwamba hiyo ndiyo kauli ya kila mtazamaji wa gofu duniani, kama vile "hukusoma" ilivyo kauli ya kila mwalimu aliyechoka. Bwana mmoja alinishauri nisogee karibu na mpira. Nilimtii, na mipira ikazidi kunitia aibu.

Aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja aliyeanza maisha kwa kubeba mikoba ya wachezaji. Hakusema neno. Alitoa mfukoni kipande cha chaki ya ubaoni, akakilowesha kidogo, akakisugua juu ya uso wa fimbo yangu mpaka ukawa mweupe, kisha akaniambia nipige mipira kumi. (Hili ni la mazoezini tu, mashindanoni sheria hukataza kupaka fimbo kitu cha kubadilisha utendaji wake.) Tulipoitazama fimbo, alama zote zilikuwa zimesongamana karibu na shingo. Hakuna hata moja iliyofika katikati. Ndipo alipotazama miguu yangu na kuona kwamba kila fimbo iliposhuka, uzito wangu ulihamia kwenye vidole. Alinifundisha kusimama nikiukanyaga wayo mzima. Akaweka kijiti ardhini, ng'ambo ya mpira, kiasi cha upana wa vidole viwili, akanitaka nipige nusu nguvu pasipo kukigusa kijiti. Kila baada ya mipira michache tulifuta, tukapaka upya, tukatazama alama zilikohamia.

Tazameni alichokifanya mzee yule. Hakudai kwamba jicho lake limeona tukio la nusu ya elfu ya sekunde. Aliuacha uso wa fimbo utoe ushahidi kwanza.

Nirudi Ijara. Mwanafunzi wa huko, ambaye lugha ya mama yake ni Kisomali, ameandika, "Alifua kofia yake akaingia ndani," naye alikusudia kusema alivua. Mwanafunzi huyo huyo ameandika "kitabu yangu" na "alibata zawadi". Mwalimu amechora misalaba mitatu myekundu, akatoa alama tatu, akaandika pembeni, "Makinika!" Mipira mitatu imekwenda kulia, mtazamaji amesema kichwa kimeinuliwa.

Tupake chaki. Kisomali hakina sauti ya p wala v. Neno lililotoka ng'ambo likiwa na p hupewa b, na ndiyo sababu polisi katika Kisomali ni "booliis". Basi "alifua" na "alibata" ni alama zilizosongamana mahali pamoja, na chanzo chake ni kimoja. Mtoto hakukosa umakini. Ameandika kile ambacho sikio lake limemletea. Wala chuo cha Kurani hakikumsaidia hapa, kwani Kiarabu nacho hakina p wala v. Sauti ya z ni habari nyingine. Kisomali hakina, lakini Kiarabu kinayo, na mtoto aliyesoma chuoni ameitamka maelfu ya mara. Akiandika "sawadi" badala ya "zawadi", mwalimu hana haja ya kumfundisha sauti mpya. Amkumbushe tu ile anayoijua. Hivyo hata ndani ya kile tunachokiita kwa jumla "athari ya lugha ya mama" mna ncha na mna shingo.

"Kitabu yangu" je? Wengi watakimbilia kusema kwamba Kisomali hakina ngeli kama zetu, na ni kweli. Nomino zake zina jinsia mbili tu, ya kiume na ya kike. Lakini kosa hilo hilo utalisikia Nairobi kwa watu wasiojua hata salamu ya Kisomali. Utalisikia pia sokoni Garissa, katika Kiswahili cha biashara ambacho mtoto alikipata kabla ya kuingia shuleni. Amejifunza vizuri sana kile alichofundishwa na soko. Ukimtibu kwa mazoezi ya matamshi umemsogeza karibu na mpira wakati alipaswa kurudi nyuma.

Lipo jambo lingine linalonikera. Mwaka 1959 mhandisi Karsten Solheim, Mnorwe wa kuzaliwa aliyekulia Marekani, alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira ambayo uzito wake aliupeleka kwenye ncha na kisigino, ili kichwa kisijipinde sana mpira ukigongwa kando. Ulikuwa uvumbuzi wa busara, na fimbo nyingi za leo zinafuata kanuni hiyo. Ila fimbo inayosamehe huficha. Mchezaji hupiga kando mwaka mzima asijue. Kwa miaka mingi maswali ya kuchagua jibu katika KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, yalituzoesha fimbo ya namna hiyo. Mtoto alitia alama kwenye herufi, akapata au akakosa, na hakuna aliyejua alipogonga. Sasa mtaala mpya unatutaka tumtathmini mwanafunzi kwa anachokifanya, lakini wengi wetu bado twatazama mpira uliporuka.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni anasa ya watu wa chuo kikuu. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mwezi wa Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa na kaunti jirani. Madarasa mengi yakaachiwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, wasio na cheti cha ualimu. Mwalimu mwenye vidato viwili kwa wakati mmoja atapata wapi nafasi ya kuhesabu p na b?

Jibu langu ni kwamba vijana hao ndio wanaoweza zaidi. Wao wenyewe walipitia njia hiyo. Walikuwa wakisema "besa" na sasa wanasema "pesa", nao wanakumbuka walivyovuka. Achukue insha kumi tu. Asisahihishe. Apige mstari chini ya kila kosa, kisha agawe ukurasa wa daftari mara nne: sauti, ngeli, kitenzi, mpangilio wa maneno. Kazi hiyo haizidi jioni moja. Siku ile Masalani tulifanya hivyo kwa insha kumi za kidato cha kwanza, na sehemu ya sauti ilijaa hadi pambizoni wakati sehemu ya kitenzi ilikuwa karibu tupu, ingawa mwalimu wa darasa lile alikuwa amekwisha kutumia majuma mawili akifundisha nyakati za vitenzi.

Tulipomaliza, msichana mmoja mwalimu wa kujitolea alinyosha mkono. Alisema amenielewa, na kesho ataanza. Ila alitaka kujua, kwa kuwa shuleni kwao chaki ya ubaoni huisha kabla ya katikati ya muhula, hiyo ya kupaka fimbo mimi huwa naipata wapi.