Vihami vya Antena za Hounslow Visitupwe

Na Mwanaidi Kombo

Kihami cha antena ni kipande cha kauri au kioo kinachofungwa kati ya waya wa redio na kamba inayoushikilia, ili umeme mdogo ulionaswa hewani usipotee kupitia kamba iliyolowa, mti au ukuta. Ni kitu kidogo, mara nyingi hutoshea kiganjani, na kwa sababu hiyo hutupwa bila mtu kujiuliza mara mbili.

Hounslow, magharibi mwa London, ilijengeka kwa kasi katika zama ambazo redio zilitegemea waya wa nje. Kituo cha BBC cha 2LO kilianza kutangaza Novemba 14, 1922, na msikilizaji alilipa leseni ya shilingi 10. Posta, iliyotoa leseni hiyo, iliweka kikomo: antena ya nje, pamoja na waya wake wa kuingia ndani, isizidi futi 100. Barabara ya Great West Road ilipofunguliwa mwaka 1925, viwanda na nyumba mpya vilifuata, na nyumba hizo zilikuwa na bustani nyuma. Waya ulitoka kwenye bomba la moshi hadi mlingoti wa mwisho wa bustani, kihami kila upande.

Kihami kilichotumika sana kina umbo la yai. Ubunifu wake unastahili heshima kuliko unavyopewa. Yai lina mifereji miwili inayopishana, na kila waya hupita kwenye mfereji wake na kulizunguka, hata vitanzi viwili vikashikana huku kauri ikiwa katikati. Mvuto wa waya haulichani yai bali hulibana, na kauri huhimili kubanwa vizuri zaidi kuliko kuvutwa. Likivunjika, vitanzi hubaki vimeshikana na antena haianguki. Vihami virefu vyenye mbavu hufanya kazi nyingine: mbavu hurefusha njia ambayo umeme ungeipita juu ya uso wenye maji. Katika London iliyopashwa moto kwa makaa ya mawe hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa masizi yakichanganyika na mvua hupitisha umeme.

Redio za transista zenye antena ndani ya sanduku ziliumaliza waya wa bustani. Vihami vilibaki mabandani. Leo huonekana kwenye soko la Jumapili ya kwanza ya mwezi pale Chiswick, ambako watu huuza vitu vya zamani kutoka kwenye buti za magari, au kwenye soko la vitu vya kale la Kempton Park, nje kidogo ya Hounslow. Anayetaka kutafuta kando ya Mto Thames, Isleworth au Brentford, maji yanapokupwa, lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London.

Wakusanyaji wengi hutafuta rangi na umbo. Soko la vihami vya kioo limezaa hata udanganyifu: kioo chenye manganizi hupigwa mionzi kigeuke zambarau, kisha huuzwa ghali. Huo ni uharibifu. Kusugua masizi kwa asidi nako ni uharibifu, maana masizi na alama za waya ndizo ushahidi wa kazi iliyofanywa. Kihami kisicho na jina la mtaa, aina ya nyumba na mwaka wa kushushwa ni kauri tu. Chenye kikaratasi cha maelezo hayo kinafaa kupelekwa Jumba la Makumbusho la Gunnersbury Park, linalohifadhi historia ya Ealing na Hounslow.

Familia zenye asili ya Afrika Mashariki zinazoishi Hounslow zina sehemu yao katika kazi hii ya kuhifadhi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 27, 1957, na masafa mafupi yalisikika vizuri zaidi kwa waya mrefu uliofungwa juu ya mti au paa. Wazee waliofunga nyaya hizo Mombasa, Kampala au Dar es Salaam bado wanakumbuka walitumia nini mahali pa kihami: kauri ya dukani, shingo ya chupa, au kipande cha mpira. Kumbukumbu hizo ziandikwe pamoja na vipande vyenyewe, na jina la aliyepanda juu kuufunga waya.