Mafuta meusi ya motere yasiingie nyumbani



Mimi si mekanisie. Kazi yangu ni ya dispanseri: kufunga vidonda, kupiga sindano, kupima homa. Lakini safari hii nataka kusema nanyi juu ya vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya motere na filtri. Mtaniuliza: mganga anatafuta nini chini ya motokari? Nitawajibu kwa habari niliyoiona kwa macho yangu.

Siku moja ya Mungu, saa za mchana, mama mmoja alikuja mbio kwenye dispanseri na mtoto mikononi. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Alikohoa bila kupumzika, na nguo yake ilinuka mazuti. Baba yake, mfanyakazi mwenzetu, alikuwa amefanya vidanji ya pickup yake katika lupango. Alipomaliza, alitia mazuti kidogo ndani ya chupa ya limonade apate kunawa mikono. Chupa ikabaki kwenye baraza. Mtoto alifikiri ni kinywaji. Mama, kwa kutaka kumsaidia, alimnywesha mafuta ya mawese, kisha akamtia kidole kooni ili atapike.

Mtoto alilala hospitalini siku nane. Tumshukuru Mungu, alipona. Nilipokuwa nikiandika jina lake, niliangalia mikono ya baba. Kuanzia kiganja mpaka kiwiko ngozi ilikuwa kavu, imepasuka, na imejaa vipele vyenye vichwa vyeusi. Nikamwuliza: « Ndugu, tangu lini? » Akajibu: « Mganga, hii ni ya kazi tu. Kila mekanisie anayo. »

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Hapana, ndugu. Si ya kazi. Ni ya kazi iliyofanywa nusu. Kwa maoni yangu, vidanji haiishi siku motere inapowaka vizuri. Inaisha mafuta ya zamani yakiwa ndani ya pipa lake, mikono ikiwa safi, na salopeti ikiwa mbali na nguo za watoto.

Wengi wanafikiri ya kwamba mafuta mapya na mafuta yaliyotumika ni kitu kimoja, tofauti ni rangi tu. Sivyo. Weusi ule unatoka wapi? Mazuti yanapowaka ndani ya silinda yanafanya masizi, kama masizi ya chini ya sufuria. Sehemu ya masizi hayo inashuka ndani ya mafuta, pamoja na mabaki ya mazuti na vumbi la chuma kinachosuguana. Ndiyo maana mafuta mapya ya motere ya mazuti huwa meusi upesi. Weusi peke yake si alama ya kuwa motere ni mgonjwa. Lakini kwa ngozi yako, weusi huo ni sumu ya polepole.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1775 mganga mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika ya kwamba watu waliopanda ndani ya mabomba ya moshi tangu utoto ili kuyasafisha walipata kansa ya ngozi kwenye sehemu za siri, na sababu ilikuwa masizi. Baadaye ugonjwa kama huo ulionekana kwa wanaume wa viwanda vya pamba vya Uingereza. Mashine zao zilirusha mafuta, suruali zikaloa kila siku, na baada ya miaka mingi ya kazi kansa ikatokea pale pale nguo ilipogusa ngozi. Mwaka 1953 Serikali ya Uingereza ilitoa sheria ya kuwalinda. Kwa hiyo, yule anayesema « mzee wangu alifanya mekanisie miaka thelathini, hakupata kitu », namwomba afikiri. Ugonjwa huu haupigi hodi siku ya kwanza. Na si kila mtu anaupata. Lakini nani kati yetu anajua atakuwa yupi?

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Tuchukue pickup tunayoiona kila siku katika barabara za Kolwezi na Likasi: Land Cruiser ya motere ya silinda 6, litri 4.2, isiyo na turbo. Inameza karibu litri 9 au 10 za mafuta ya motere, na kitabu chake kinaonyesha hesabu kamili. Katika vumbi la kiangazi chetu, na kwa mazuti yasiyo safi, usingoje kilometa nyingi. Mazuti yenye kiberiti kingi hufanya asidi ndani ya mafuta. Fundi mwenye akili anabadilisha kila kilometa 5.000, au mapema kama kitabu kinasema hivyo kwa kazi ngumu.

Kwanza: motokari. Isimame mahali palipo sawa. Vuta breki ya mkono, tia vitese ya kwanza, weka vipande vya mti mbele na nyuma ya magurudumu, toa ufunguo. Pickup hii ni ndefu kwenda juu, mara nyingi haihitaji kuinuliwa. Kama ni lazima kuiinua, kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Tia miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Matofali hapana: tofali linapasuka bila kukuonya, na motokari hiyo inapita tani 2. Nimekwisha kufunga mguu wa mtu aliyeamini matofali. Yeye alikuwa na bahati, maana ulikuwa mguu na si kifua.

Pili: moto. Mafuta yanatoka vizuri motere ikiwa na vuguvugu, kwa hiyo iwashe dakika chache tu, mlango wa garaji ukiwa wazi. Moshi ndani ya garaji iliyofungwa unaua bila kelele. Na kama motokari imetoka safari ndefu, ngoja ipoe. Mafuta yake yanaweza kufika digri 90 na zaidi, na kitu cha majimaji chenye digri 70 kinaunguza ngozi kwa muda wa kama sekunde moja. Unapofungua bushoni kwa mara ya mwisho, mkono wako usiwe chini yake. Ukiungua, tia mahali hapo ndani ya maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala udongo. Kisha uje dispanseri.

Tatu: mikono. Vaa glavu zisizopitisha mafuta. Glavu ya kitambaa ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu inanyonya mafuta na kuyashikilia kwenye ngozi saa nzima. Kitambaa chenye mafuta usikitie ndani ya mfuko wa salopeti: paja lako litakuwa kama paja la wale watu wa pamba. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji. Mazuti na esanse hapana. Vinatoa mafuta ya motere, kweli, lakini vinatoa pia mafuta ambayo ngozi inajilinda nayo. Ngozi inapasuka, na siku ya pili uchafu unapata mlango. Kama weusi haubanduki, paka kwanza mafuta ya kupikia kidogo, pangusa kwa kitambaa, ndipo unawe kwa sabuni.

Nne: filtri. Kabla ya kutia mpya, angalia kama mpira wa filtri ya zamani haukubaki juu ya motere. Mipira miwili ikikutana, mafuta yatakimbia yote na motere itakufa barabarani. Paka mpira mpya mafuta mapya kidogo, kaza kwa mkono, bila kle. Rudisha bushoni na ringi yake mpya, mimina mafuta, washa motere, angalia taa ya mafuta izimike. Zima, ngoja dakika tano, pima. Kiasi kiwe kati ya alama mbili, si juu yake. Mafuta yakionekana kama maziwa, maji yameingia: usiendeshe, mwite fundi.

Tano, na hii ndiyo kubwa: mafuta ya zamani yaende wapi? Nimeona mtu akiyamwaga nyuma ya choo. Nimeona mwingine akiyamwaga barabarani « kutuliza vumbi ». Mwingine anayapaka mbwa mwenye upele, naye mbwa anajilamba. Mwingine anayatumia kuwasha makala. Ndugu, visima vingi vya lupango zetu si virefu. Mafuta yakiingia katika udongo, mvua za Novemba zinayasukuma mpaka kwenye maji tunayoteka. Na moshi wa makala yaliyopakwa mafuta hayo unaingia katika bukari na katika mapafu ya mama anayepika.

Juu ya moshi, niongeze neno kwa shofere na watu wa chini ya ardhi. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni, waliokutana Lyon huko Ufaransa, walisema wazi ya kwamba moshi wa motere ya mazuti unaleta kansa ya mapafu. Walitegemea hasa uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa migodi. Motere isiyotunzwa inatoa moshi mwingi zaidi. Basi anayefanya vidanji kwa wakati wake, akasafisha na filtri ya hewa, anawasaidia wenzake wanaopumua nyuma yake.

Sasa nigeukie wakubwa wetu wa kazi, kwa heshima. Tunawaambia wafanyakazi wasimwage mafuta, lakini mwenye pickup yake nyumbani ayapeleke wapi? Kwenye garaji ya kampani kuna pipa, lakini ni la motokari za kampani tu. Ninaomba pipa lingine, lenye kifuniko, kwenye lango la kambi, lipokee mafuta ya kila mtu. Ninaomba vile vile salopeti za watu wa garaji zifuliwe kazini. Leo zinafuliwa nyumbani, ndani ya beseni moja na nepi za mtoto, kwa mikono ya mama asiye na glavu. Mama huyo halipwi na kampani, wala jina lake haliko katika daftari la ajali. Najua vitu hivi vina bei. Lakini kitanda cha hospitali kina bei pia, na siku ambazo fundi hayuko kazini zina bei.

Kabla salopeti hazijapata mahali pa kufuliwa, baba, ivue mlangoni. Mama, ifue peke yake.

Na kama mtoto amekunywa mazuti, esanse au petroli, mkumbuke mambo haya:

Usimtapishe. Kinachoua si tumbo, ni mapafu. Akitapika, mazuti yanapita njia ya pumzi.

Usimpe maziwa wala mawese.

Mvue nguo zilizoloa, mwoshe ngozi, umlete mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Hata kama anacheza, mlete: kikohozi na homa vinaweza kuja baada ya saa chache.

Na chupa ya kinywaji isitiwe kamwe kitu kisichonyweka.

Yule baba wa mtoto nilimwona tena baada ya miezi mitatu. Alikuja na mikono yake, akaiweka juu ya meza yangu bila kusema neno. Vipele vilikuwa vimepungua sana. Nikamwuliza juu ya pickup. Akasema vidanji anaifanya bado mwenyewe, ila mtoto anabaki ndani ya nyumba na mama yake, na mafuta ya zamani yamo ndani ya bidoni yenye kifuniko, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Bidoni imejaa. Anangoja pipa.

Mganga msaidizi wa dispanseri ya kambi